Kuunda na Kufumua

Ukitaja Chalinze, wengi huiona njia panda tu: mabasi ya Morogoro, mabasi ya Tanga, na wachuuzi wakikimbilia madirisha. Wachache hukumbuka kwamba halmashauri hiyo ina bahari. Iko Saadani, kaskazini ya mlango wa Mto Wami, bandari iliyopokea misafara ya bara katika karne ya 19 sawa na jirani yake Bagamoyo. Katika pwani hii ya Waswahili, Wakwere, Wadoe na Wazigua, kiwanda cha vyombo vya bahari hakina ukuta wala geti. Ni mchanga, kivuli, na maji yanayokuja na kurudi.

Bagamoyo kazi ya kuunda vyombo bado yaonekana ufukweni. Fundi hulaza mkuku kwanza, akasimamisha fashini, kisha zikafuata mbao na mataruma, mbavu za chombo. Karatasi ya ramani hana. Kipimo kimo jichoni na mkononi, naye amekipata kwa kukaa miaka mingi chini ya baba au mjomba, akianza na kushika ubao mwenzake akipiga tezo. Taruma hutafutwa katika tawi lililojipinda lenyewe, kwa hiyo fundi huutazama mwembe kwa jicho ambalo mla maembe hana. Nafasi baina ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta, na tumbo la chombo hupakwa shahamu na chokaa.

Siku ya kushua ni ya mji mzima. Husomwa dua, ubani hufukizwa, sufuria za wali zinachemka, na kila mwenye nguvu hushika kamba. Mwimbishaji akitoa, wavutaji huitikia, chombo kikasogea juu ya magogo. Aliyekuwa anapita njia zake naye atavuta. Kukataa ni aibu.

Lakini ujuzi wa watu hawa, kwa maoni yangu, uko zaidi katika kufumua. Mtepe wa kale haukuwa na msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na kamba zikichoka zilitolewa, chombo kikashonwa upya. Hata mgeni Stanley, mvumbuzi wa Kizungu, alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa vipande vipande ili wapagazi waibebe hadi Ziwa Nyanza. (Mzigo huo sidhani kama wapagazi waliuimbia kwa furaha.)

Jahazi la misumari nalo hurudi mchangani mara kwa mara. Hupwelezwa wakati wa bamvua, yaani maji makuu, likalazwa ubavu, likachomwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha likapakwa tena. Ubao uliooza hutolewa, mwingine ukaingia, hata usijue chombo hiki bado ni kile cha zamani au ni kitoto chake.

Kwingineko duniani kufumua huko huwa ni kuvunja meli kabisa, biashara kubwa ya chuma. Alang, huko Gujarat nchini India, meli hupandishwa ufukweni kwa maji makuu na kukatwa kwa moto, tangu 1983. Chattogram ya Bangladesh nayo ni hivyo hivyo. Hatari za kazi hiyo ndizo zilizozaa Mkataba wa Hong Kong wa 2009, ambao ulianza kutumika Juni 2025 tu. Bamvua ni lile lile, ila Bagamoyo hakuna sumu ya mafuta mazito wala asbesto, na mvunjaji aghalabu ni fundi yule yule anayeunda.

Siku hizi mvule na mninga ni ghali, na kukata mti kunahitaji kibali, kwa hiyo jahazi kuukuu lina wateja. Ubao wenye alama za bahari huvushwa Unguja ukawa kitanda au fremu ya kioo cha hoteli. Fundi mwenye chombo kipya mikononi hawapendi sana wateja hao: wanatoa bei asiyoiweza, kwa mbao ambazo yeye angezirudisha majini.