Mizani ya Uwanja wa Ndege: Sayansi Iliyomo Katika Kanuni za Mizigo

Kila msafiri wa ndege hapana budi apite mbele ya mizani. Sanduku lake hupimwa, begi lake la mkononi hukaguliwa, naye huulizwa kama amebeba betri, viberiti au vitu vya majimaji. Wasafiri wengi hudhani kwamba kanuni hizi ni hila tu ya kampuni za ndege ya kujipatia fedha. Ni kweli kwamba malipo ya uzito wa ziada ni pato la kampuni. Hata hivyo, kanuni nyingi za mizigo zina chanzo chake ama katika sheria za maumbile, ama katika kikomo cha mwili wa mwanadamu. Katika makala haya tutazitazama zilizo muhimu, ili mwanafunzi aone jinsi fizikia anayoisoma darasani inavyofanya kazi ndani ya sanduku lake.

Uzito na Hewa

Ndege huinuka kwa sababu mabawa yake, yanapokwenda kasi, hupata kutoka katika hewa nguvu ya kuinua iliyo kubwa kuliko uzito wa ndege. Nguvu hiyo hutegemea kasi, ukubwa wa mabawa na densiti ya hewa. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko kiasi cha mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na huko densiti ya hewa ni takriban asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Kwa hiyo ndege iondokayo Nairobi huhitaji kasi kubwa zaidi, na njia ndefu zaidi ya kurukia, kuliko ndege ya uzito uleule iondokayo Mombasa au Dar es Salaam. Jua likiwa kali, hewa hupungua densiti zaidi, na pengine rubani hulazimika kupunguza mzigo.

Tuseme ndege ina abiria 180, na kila mmoja amezidisha kilo 3 tu. Jumla ni kilo 540, yaani uzito wa watu wazima wapatao saba ambao hawakuandikwa popote.

Mahali pa Mzigo

Uzito peke yake hautoshi; mahali unapowekwa ni muhimu vilevile. Nahodha wa jahazi hulijua jambo hili tangu zamani: hupanga shehena na farumi kwa uangalifu, kwani chombo kilicholemewa tezi au omo hakiongozeki. Ndege nayo ina kitovu cha uzito, ambacho sharti kibaki ndani ya mipaka iliyowekwa na watengenezaji. Kikisogea mno nyuma, pua ya ndege huelekea juu, na rubani aweza kushindwa kuishusha.

Mfano wa kusikitisha ulitokea Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003. Ndege ndogo ya Air Midwest iliinua pua kupita kiasi mara baada ya kuruka, ikaanguka, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta sababu mbili zilizoungana. Kwanza, mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha waya za kiungo cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Pili, kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka unaoruhusiwa. Marubani walikuwa wamepiga hesabu kwa kutumia wastani wa uzito wa abiria na mizigo uliokubaliwa wakati ule, na kwa hesabu hiyo ndege ilikuwa salama. Lakini uzito halisi ulikuwa mkubwa zaidi. Baada ya ajali hiyo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipandisha wastani huo. Hesabu sahihi juu ya takwimu zisizo sahihi haimwokoi mtu.

Kilo 23 na Kilo 32

Kampuni nyingi huruhusu sanduku la kilo 23 kwa abiria wa daraja la kawaida, na mara nyingi jumla ya urefu, upana na kimo haitakiwi kuzidi sentimita 158. Sanduku lenye vipimo vya 75, 50 na 33 limefikia kikomo hicho barabara. Kwa kawaida, sanduku lililozidi kilo 32 halipokelewi hata kama msafiri yuko tayari kulipa. Sababu yake ni mgongo wa mpakiaji, ambaye huinua mamia ya masanduku kwa siku, mara nyingi akiwa ameinama.

Majimaji na Kanieneo

Mnamo Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji. Tangu hapo viwanja vingi havikubali katika begi la mkononi chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100, ingawa baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimelegeza sharti hilo. Asali, samli na achari nazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa majimaji.

Aziwekaye katika sanduku kubwa akumbuke sheria aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662: joto lisipobadilika, kanieneo ya gesi ikipungua, ujazo wake huongezeka. Angani, kanieneo ndani ya ndege ya abiria yaweza kushuka hadi robo tatu ya ile ya pwani. Nusu lita ya hewa iliyofungwa katika chupa hutaka basi nafasi ya theluthi mbili za lita, na hivyo husukuma mafuta nje kupitia kizibo. Chupa laini ikaminywe kwanza, hewa itoke, kisha ifungwe ndani ya mfuko.

Betri

Betri ya lithiamu iliyoharibika huweza kujipasha joto yenyewe mpaka ikawaka. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto baada ya kuondoka Dubai, na marubani wake wawili wakafa. Wachunguzi walihitimisha kwamba moto ulianzia katika shehena iliyokuwa na betri za namna hiyo. Ndiyo maana betri za akiba, pamoja na kifaa ambacho wengi hukiita pawabanki, hazitiwi katika sanduku la chini: ndani ya ndege moto huonekana mapema, na wahudumu huweza kuipoza betri kwa maji.

Kikomo cha kawaida, pasipo idhini ya kampuni, ni wati-saa 100. Zidisha miliampia-saa kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya miliampia-saa 20,000 na volti 3.7 ina wati-saa 74, hiyo yaruhusiwa. Hata hivyo, kampuni kadhaa zimeongeza masharti yao, na msafiri ayasome kabla ya safari.

Zoezi la Darasani

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mizani, futi na betri ya simu, wapime mkoba wa kila mmoja na kutafuta wastani wa darasa. Kisha wajiulize: je, wastani huo ungetosha kumlinda rubani ikiwa wanafunzi kumi wenye mikoba mizito kuliko yote wangeketi mkiani?