Mateka na Askari wa Metal Slug 2

Mwaka 1998 kampuni ya SNK ya Japani ilitoa Metal Slug 2, mchezo wa video wa vita ambamo askari hukimbia huku akifyatua risasi. Anayeurejea leo huukuta ungali na uhai, ingawa kasoro yake haikufichika tangu mwanzo: maadui wakijaa kwenye kioo, mwendo wote huzorota kana kwamba mashine imechoka. SNK yenyewe iliurekebisha mwaka 1999 na kuutoa kwa jina la Metal Slug X.

Humo askari wawili wa kike, Eri na Fio, waliingia vitani kwa mara ya kwanza pamoja na Marco na Tarma. Askari akila kupita kiasi, tumbo humvimba palepale (wapishi wa kambini wasilipuuze jambo hili).

Lakini lililo zito ni mateka. Kila anayefunguliwa kamba humpa mwokozi wake zawadi, hupiga saluti, kisha hutimua mbio. Mwokozi akiuawa, na risasi moja yatosha, hesabu ya wote aliowaokoa hufutika. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hakimbilii mbele. Huchutama, husubiri, huwatazama maadui kwanza.