Mtondoo: Mti wa Ardhi Inayotuama Maji

Kila masika wapo wananchi wanaouliza wapande nini katika kiwanja ambacho maji hutuama. Mpapai huoza mizizi hapo. Wengi hukimbilia kumwaga kifusi, kama hori la Darajani lilivyojazwa zama za ukoloni, lakini kifusi cha mtu mmoja huyasukuma tu maji hadi uani kwa jirani yake.

Jibu bora linaonekana Jozani, kiasi cha kilomita 35 kusini-mashariki ya Mji Mkongwe. Udongo wa pale ni mchache juu ya mwamba wa matumbawe, maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi, na mvua zikikaza sehemu ya msitu hufurika. Katika hali hiyo mtondoo umestawi na kuwa mti mkubwa. Hutambulikana kwa majani mazito yang'aayo, yenye mishipa iliyosongamana kama meno ya chanuo, maua meupe yenye harufu nzuri, na tunda la duara mfano wa ndimu ndogo.

Kazi iliyofanywa na mwaloni katika merikebu za Ulaya, pwani yetu imefanywa na mtondoo: mbao yake ni ngumu, na matawi yaliyopinda kwa maumbile huchongwa mataruma ya vyombo. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Hukua polepole, na anayeukata leo si rahisi kuuona mwingine wa kimo kile. Jozani ni sehemu ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Kwengineko, asiyekuwa na kibali cha Idara ya Misitu asiuguse kwa shoka.

Kuupanda si kazi ngumu, ila kunahitaji subira. Kokwa likifukiwa na ganda lake hukaa karibu miezi miwili kabla ya kuchipua. Ganda likivunjwa kwa uangalifu na kiini kikatolewa kizima, wiki tatu hutosha. Mche mchanga upandwe juu ya tuta dogo, usizamishwe. Uwekwe mbali na njia, kwani matawi hutanda chini na matunda yaliyoanguka huteleza. Watoto waelezwe kwamba kiini hakiliwi, na utomvu wake mweupe usiguse macho.

Mbegu zisichukuliwe ndani ya hifadhi. Tunda la mtondoo huelea, na bahari huyaleta mengi ufukweni bila ya malipo.