Samaki wa Bahari Katika Nyumba ya Bara: Ukubwa wa Tangi na Uchujaji wa Maji



Siku hizi vijana wetu wa Mwanga, na wenzao wa Same na Usangi, huona katika simu zao picha za matangi ya kioo yenye samaki wa rangi na matumbawe, wakatamani kuwa na kitu kama hicho barazani. Tamaa hiyo si mbaya. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, kwa kumwuliza habari za kindege alichokuwa akichezea, na katika hadithi hiyo wanavyuoni wengi wamepata ruhusa ya kuweka ndege tunduni, maadamu anapewa haki yake. Lakini hadithi ya pili nayo twaijua sote, ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, ikawa sababu ya kuadhibiwa kwake. Samaki aliye ndani ya kioo hawezi kujitafutia chochote, hata hewa ya kuvuta. Basi mwenye kutaka jambo hili na ajue kwamba haki ya kwanza ya samaki ni maji, kabla ya chakula. Na maji hayo hulindwa kwa mambo mawili, wingi wake na uchujaji wake.

Kijana mmoja niliyepata kumsomesha chuoni alinunua tangi la lita 40 katika duka moja mjini. Mwuzaji alimwambia kuwa tangi dogo ndilo la kujifunzia, atie maji leo na samaki kesho. Samaki wanne walikufa wote kabla ya Ijumaa ya pili. Maneno hayo ya "dogo la kujifunzia" yanasikika kama kweli, kwa kuwa mtoto huanza na juzuu ndogo na mshonaji huanza na kitambaa cha bei ndogo. Katika matangi ya bahari mambo ni kinyume. Dogo ndilo gumu, na aghalabu waliofanikiwa nalo ni wale waliokwisha kuzoea makubwa.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa taka iitwayo amonia, nyingi yake kwa njia ya mashavu anayopumulia, na taka hiyo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini hupotea, kwani maji hayana mwisho. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Samaki mmoja akifa usiku nyuma ya jiwe, sumu itokayo katika mwili wake ikienea katika lita 40 itakuwa kali mara kumi kuliko ikienea katika lita 400. Mwenye tangi kubwa ataamka, aone upungufu, atafute mzoga na kuutoa. Mwenye tangi dogo ataamka akute wote wanaelea. Watu wa milima ya Upare hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana wana ndiva zao za kukusanya maji ya kumwagilia. Ndiva kubwa haijui ndoo moja iliyochotwa, lakini kidimbwi huonekana kimepungua.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Katika tangi lenye kina cha sentimita 33, upepo mkavu wa tambarare yetu ukikausha sentimita 2, chumvi hupanda kutoka 35 hadi kupita 37. Katika kina cha sentimita 60 kiasi hicho hicho cha kukauka huipandisha kwa gramu moja tu na kitu. Samaki huenda akastahimili mabadiliko hayo, matumbawe hayapendi. Na joto ni vivyo hivyo, kwani maji machache hupata moto upesi mchana na kupoa upesi usiku. Tangi la matumbawe lataka nyuzijoto 25 hadi 27. Tukumbuke kuwa mwaka 1998, bahari yetu yenyewe ilipopata joto kupita desturi yake kwa majuma kadhaa, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka na kufa. Ikiwa bahari nzima ilidhurika, sembuse beseni la kioo lililowekwa kando ya dirisha la magharibi!

Kwa hiyo namshauri mwanafunzi wa kazi hii asianze chini ya lita 200. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 45 na kimo 45 huchukua kiasi hicho. Litakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250 pamoja na maji, mawe na kioo chenyewe, basi meza ya chai haitalibeba. Hapana budi kutengeneza kiti cha mbao ngumu au chuma, kisimame sawa juu ya sakafu ya saruji. Chumvi yake ya kwanza itakuwa kilo 7 na ziada kidogo, na iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa imekosa kalsiamu, magnesiamu na vitu vinginevyo ambavyo kwavyo matumbawe hujenga mifupa yao.

Sasa tuje kwenye uchujaji. Wengi hudhani kuchuja ni kupitisha maji katika sponji tu, kama tuchujavyo tui la nazi kwa kifumbu. Hilo ni fungu dogo la kazi. Sponji hushika takataka zionekanazo kwa macho, ilhali amonia haionekani, hupita. Tena sponji isiyosafishwa kila baada ya siku mbili tatu hugeuka kuwa jalala, taka zikaozea humo na kurudi majini.

Mchujaji mkuu ni viumbe vidogo sana, bakteria, ambao Mwenyezi Mungu amewapa riziki katika taka hiyo hiyo. Jamii moja huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Jamii nyingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo ubaya wake ni mdogo zaidi. Kisha ndani ya mawe, mahali pasipofika oksijeni, wapo wengine ambao huigeuza nitreti kuwa naitrojeni, hewa itokayo majini na kwenda zake. Viumbe hawa hawaogelei huku na huku wakifanya kazi. Wengi hushikamana na mawe na mchanga. Ndiyo maana jiwe lenye vitundu vingi lina faida kuliko chombo chochote cha dukani.

Watu walichukua muda mrefu kuyajua haya. Katika jumba la samaki la Crystal Palace, London, lililofunguliwa mwaka 1871, mtaalamu William Alford Lloyd aliweka chini ya matangi ya maonyesho hifadhi kubwa ya maji gizani, kubwa kuliko matangi yenyewe, na maji yakawa yanazunguka juu na chini bila kusimama. Yeye aliyategemea maji mengi. Karne iliyofuata, mwaka 1961, Bwana Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika gazeti la wafugaji wa samaki namna alivyoyaweka matumbawe hai kwa mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake, na mapovu ya hewa ya kuyatikisa maji. Hakuwa na mtambo mkubwa. Mawe ndiyo yaliyokuwa mtambo. Njia zinazofuatwa leo zimeyaunganisha mawazo ya watu hawa wawili, mawe juu na tangi la akiba chini.

Kwa lita 200, mawe ya kilo 20 hivi yanatosha. Yasitolewe baharini. Matumbawe ya zamani yaliyokwisha kuwa mwamba wa nchi kavu, yale ambayo wazee wa pwani walijengea majumba na misikiti, kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, yana vitundu vya kutosha. Yakisuguliwa, yakaoshwa na kulowekwa majuma kadhaa kwa kubadilisha maji, yatakuwa makao mema ya bakteria. Yapangwe kwa nafasi ili maji yapite kati yake, wala yasirundikwe kama kifusi.

Chombo cha pili ni kiengua povu. Akina mama wanakijua ijapokuwa hawajakiona, kwa kuwa nyama inapochemka huengua lile povu la juu kwa kijiko na kulitupa. Hapa pampu hupuliza mapovu madogo madogo ndani ya bomba, uchafu wa protini ukashikamana nayo, ukapanda na kumwagika katika kikombe. Faida yake ni kwamba uchafu hutolewa kabla haujaoza. Kikombe hicho kina harufu isiyosahaulika. Kimwagwe nje, si jikoni.

Tangi la chini huwekwa ndani ya kile kiti, nalo hubeba kiengua povu, sponji na kipasha joto cha usiku wa Julai. Pampu hurudisha maji juu. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Umeme ukikatika, pampu husimama, na maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike usawa wa tundu. Katika tangi la urefu wa 100 na upana wa 45, sentimita 3 zikishuka ni lita 13 na nusu. Ikiwa tangi la chini halikuachiwa nafasi hiyo, maji ya chumvi yatakuwa sakafuni na chini ya mikeka. Basi lijaribiwe kwa makusudi, kwa kuizima pampu, kabla samaki hawajaingia. Na iwekwe karibu pampu ndogo ya hewa itumiayo betri, kwani umeme ukikatika kwa saa nyingi kitakachowaua samaki kwanza ni kukosa oksijeni.

Maji yenyewe yatoke wapi? Ya bomba hutiwa klorini kwa ajili ya afya zetu, nayo huua bakteria tunaowahitaji. Ya mvua kutoka kwenye bati yaweza kuchukua zinki, ambayo ni sumu kwa matumbawe. Hapana budi mtambo wa kuchuja kwa utando mwembamba, ambao kwa kawaida humwaga lita tatu au zaidi ili upate lita moja safi. Tupige hesabu. Kila juma yatupasa kubadilisha sehemu moja ya kumi, lita 20. Ikiwa tangi linakausha nusu sentimita kwa siku, tutahitaji lita 16 nyingine za kuongeza, zisizotiwa chumvi. Jumla ni lita 36 safi, yaani lita 144 zitakazopita katika mtambo, madumu saba na ziada. Nyumba ambayo mama na mabinti huchota maji kwa zamu haina ruhusa, kwa maoni yangu, ya kuweka tangi hili, na kijana asiudhike kuambiwa hivyo. Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata katika udhu. Mwenye maji ya kutosha naye asiyamwage yale yaliyokataliwa na utando. Mchicha na migomba huyafurahia.

Habari ya wapi pa kupata samaki, nasema kwa ufupi. Asiondoke mtu hapa kwenda Tanga, safari ya kilomita kama 300, akavunja matumbawe na kuyatia ndooni. Uvuvi una Sheria yake Na. 22 ya mwaka 2003. Sehemu ya pwani hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Silikanti Tanga tangu mwaka 2009. Na matumbawe magumu hayavushwi mipaka ya nchi bila kibali cha mkataba wa CITES. Muulize mwuzaji kibali chake. Kitatange ni mzuri wa kutazama, lakini jamaa zake wengi hula matumbawe hai na hufa njaa mbele ya chakula cha pakiti. Kangaja ataka nafasi ya kukimbia, lita 200 ni jela kwake. Bora wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, waliozalishwa ndani ya matangi. Wakitunzwa vema huweza kuishi zaidi ya miaka ishirini, basi kijana na ajiulize nani atawaangalia atakapokwenda chuo kikuu.

Tangi likiisha kujaa, lenye chumvi na mawe, lisubiri. Watie amonia kidogo au kipande cha kamba kioze humo, wapime kila baada ya siku chache. Amonia itapanda, ishuke. Nitraiti itapanda, ishuke. Huchukua majuma manne hadi sita, na pengine zaidi. Vyote viwili vikisoma sifuri, wabadilishe maji, watie samaki wawili wadogo tu. Wa tatu angoje mwezi mwingine. Matumbawe laini yaingie baada ya miezi mitatu au minne, na yale magumu yasifikiriwe kabla ya mwaka kutimia.