Mchagua Jembe na Mchagua Baiskeli: Vigezo vya Kuteua Chombo cha Safari Ndefu na cha Kila Siku

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea anayetafuta kisingizio cha kukwepa kazi. Haimkatazi mtu kukipima chombo kabla ya kukitegemea. Anayenunua baiskeli moja ya kumfikisha kazini kila siku na kumpeleka Naivasha mwishoni mwa juma, safari ya takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, hana budi kuchagua kwa makini. Makala haya yanafafanua vigezo vya uchaguzi huo. Hoja yetu ni kwamba baiskeli ifaayo kwa kazi zote mbili si ile nyepesi kuliko zote wala yenye giya nyingi kuliko zote, bali ni ile inayobeba mzigo bila kuyumba na ambayo fundi wa karibu anaweza kuitengeneza.

Aina zilizopo

Mnunuzi nchini Kenya hukabiliwa hasa na aina tatu. Ya kwanza ni Black Mamba, baiskeli nzito ya chuma iliyowabeba abiria wa bodaboda Busia kabla ya pikipiki kutamalaki. Ya pili ni baiskeli ya milimani, ambayo aghalabu huwa ya mtumba, yenye matairi mapana na pengine springi mbele. Ya tatu ni ya mashindano, nyepesi na yenye matairi membamba. Baiskeli halisi ya safari hukopa sifa kutoka kwa zote tatu: uimara wa ya kwanza, giya za ya pili na wepesi wa mwendo wa ya tatu. Kwa kuwa ni adimu na ghali, wengi hulazimika kuitafuta ndani ya hizo nyingine. Ndiyo maana vigezo vina umuhimu kuliko majina.

Fremu na mzigo

Kigezo cha kwanza ni fremu. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa jua kali anaweza kuichomelea ili msafiri afike mjini. Ya alumini huhitaji mitambo na ujuzi usiopatikana kila kituo. Heinz Stücke, Mjerumani aliyeondoka kwao Hövelhof mwaka 1962 na kuzunguka dunia kwa takriban miaka 50, aliitegemea baiskeli ya chuma yenye giya 3 tu.

Aidha, chunguza iwapo fremu ina vitundu vya skurubu vya kufungia keria na madigadi. Mkoba wa mgongoni huchosha kiuno na kulowesha shati kwa jasho. Mzigo ukiwa kwenye keria, mwili hupumzika. Vilevile, pima nafasi baina ya pedali na gurudumu la nyuma: ikiwa fupi mno, visigino vitagonga mifuko. Springi za bei nafuu zinafaa kuepukwa, kwani huongeza uzito na kumeza nguvu za mwendeshaji anapopanda mlima.

Hesabu ya giya

Wauzaji hujivunia giya 18 au 21. Swali la msingi, hata hivyo, si wingi wa giya bali ulaini wa ile iliyo laini zaidi. Gawanya meno ya mbele, penye pedali, kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi. Tuseme mzingo ni mita 2.1. Meno 44 mbele na 11 nyuma yatakusogeza mita 8.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Meno 22 mbele na 32 nyuma yatakusogeza takriban mita 1.4. Giya ya kwanza ni ya mteremko, ya pili ni ya mlima na mzigo. Black Mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi ya mita 5. Hiyo yatosha kwenye tambarare za Busia, lakini anayerejea Nairobi kupitia Mai Mahiu atashuka na kuisukuma. Aelekeaye Naivasha naye atahitaji breki madhubuti, maana barabara hiyo huteremka Bonde la Ufa katikati ya malori.

Magurudumu na vipuri

Hapa ndipo wengi hunaswa. Tairi linaloitwa la inchi 28 laweza kuwa la milimita 635, kama la Black Mamba, au la milimita 622, kama la baiskeli nyingi za mashindano. Moja haliingii penye jingine. Soma tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, 37-622 humaanisha upana wa milimita 37 na kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli nyingi za milimani za mtumba ni za milimita 559, yaani inchi 26, na matairi yake hupatikana hata katika miji midogo.

Upana wa milimita 37 hadi 50 hustahimili kokoto za kando ya barabara, ambako mwendeshaji husukumwa na matatu. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ina njia za baiskeli, nyingi hazina. Isitoshe, vali pana kama ya gari hukuwezesha kujaza upepo katika kituo cha mafuta.

Hitimisho

Kabla ya kulipa, funga mzigo kwenye baiskeli, iendeshe kwenye mlima, kisha umuulize fundi wa mtaani kwako kama ana spoki, cheni na tyubu zake. Akitikisa kichwa, endelea kutafuta. Thamani ya baiskeli hujulikana siku inapoharibika jioni, mvua ikinyesha, nawe ungali kilomita 30 kutoka nyumbani.