Kutuma Faksi kwa Kompyuta Bado ni Kupiga Simu

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayesajili kampuni Delaware au Wyoming ili auze programu zake Marekani hukutana na sharti ambalo pengine hakulitarajia. Kampuni inahitaji namba ya utambulisho kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ukiiomba mtandaoni, mhusika mkuu wa kampuni lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani au namba ya kodi ya mtu binafsi. Asiyenazo, na anayeishi nje, atapiga simu, au atapeleka fomu SS-4 kwa posta au kwa faksi. Mashine ya faksi hana, na nyumbani hakuna simu ya waya. Ana kompyuta, nayo inatosha, ilimradi aelewe kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Kinachotokea ni simu. Mahali fulani namba inapigwa, na modemu inayopiga inatoa mlio wa hezi 1100 kwa nusu sekunde, ikiurudia kila baada ya sekunde tatu hivi. Upande wa pili unajibu kwa mlio mrefu wa hezi 2100. Mtu aliyewahi kuinua simu akakutana na filimbi badala ya sauti ya mtu, huenda alisikia milio hiyo. Baada ya salamu, mpokeaji anataja uwezo wake, mtumaji anachagua kasi, kisha wanaijaribu laini kwa sekunde moja na nusu. Laini ikiwa mbovu, wanashuka kasi na kujaribu tena. Kanuni hizi ziliwekwa mwaka 1980 na kamati ya kimataifa ya simu iliyo chini ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na ndiyo sababu kompyuta ya leo inaelewana na mashine iliyotengenezwa miaka ya 80.

Ukurasa wenyewe hugeuzwa kuwa nukta. Kila mstari una nukta 1728, na kila nukta ni nyeusi au nyeupe; kijivu hakuna. Kwa ubora wa juu wa faksi ya kawaida, ukurasa wa A4 una karibu mistari 2,300, yaani nukta zinazokaribia milioni nne. Kwa kasi ya biti 14,400 kwa sekunde, nukta hizo zingehitaji dakika nne na nusu. Kinachookoa muda ni ufupisho: badala ya kutaja nukta mojamoja, modemu hutaja urefu wa kila kipande, nyeupe 900, nyeusi 6, nyeupe tena 300. Karatasi yenye maandishi machache hupita haraka kwa sababu sehemu kubwa yake ni nyeupe.

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Wanaipiga fomu picha kwa simu chini ya taa, kivuli kinaangukia karatasi, na kivuli hicho kinageuzwa kuwa maelfu ya nukta nyeusi na nyeupe zilizochanganyika. Vipande vinakuwa vifupi, simu inarefuka, na tarakimu hazisomeki. Jaza fomu kwenye kompyuta, isaini kwa wino mweusi, kisha uiskani kwa nyeusi na nyeupe. Usipunguze herufi ili maneno yaenee.

Mwenye laini ya waya anaweza kuchomeka modemu ya faksi kwenye kompyuta na kutumia Windows Fax and Scan, au HylaFAX kwenye Linux. Simu ya mkononi haisaidii hapa, maana mtandao wake hubana sauti ili mtu aelewe maneno, na milio ya modemu haivumilii kubanwa. Simu ya intaneti nayo ina tatizo lake: pakiti ya sauti ikipotea sikio halitambui, lakini faksi hupoteza mistari. Kanuni ya T.38, iliyotolewa mwaka 1998, iliwekwa kutibu tatizo hilo. Kifaa huitafsiri milio kuwa data, huisafirisha kama data, kisha huizalisha milio upya upande wa pili. Kama mtoa huduma wako hana T.38, shusha kasi hadi biti 9,600 kwa sekunde kabla ya kulaumu kompyuta.

Kwa wengi wetu njia inayofaa ni kampuni ya faksi ya mtandaoni. Unapakia faili ya PDF, modemu zao zinapiga simu kwa niaba yako, na majibu yanakuja kwenye baruapepe. Ujue kwamba nakala ya fomu yako inabaki kwenye kompyuta zao. Chagua kampuni inayokuruhusu kuifuta, na nenosiri lako liwe imara.

Kila ukurasa unapomalizika, kifaa cha mpokeaji hutuma ishara kwamba umefika vizuri, na kwa ishara hizo programu yako huandika ripoti. Ihifadhi. Inathibitisha kwamba kifaa kilipokea, ingawa haithibitishi kwamba ofisa amesoma. Na unapopokea faksi, usiamini namba iliyochapwa juu ya ukurasa kana kwamba ni muhuri: mtumaji ndiye anayeijaza kwenye programu yake.

Huduma nyingi za faksi za bure hutuma tu, hazikupi namba ya kupokelea. IRS hujibu kwa faksi ukiandika namba yako ya faksi kwenye fomu, na maelekezo yao yanataja takriban siku nne za kazi. Ukikodi namba ya kupokelea kisha ukaacha kuilipia, huweza kupewa mteja mwingine, na barua zako zikaangukia mikononi mwake. Kwa hiyo usiiache namba hiyo mpaka majibu yawe yamefika na uwe umeijulisha kila ofisi uliyoipa kwamba unaiacha.