Kuokoa Mshipa wa Mtoto Ulioziba kwa Sababu ya Mrija

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Philadelphia nchini Marekani, daktari mpasuaji Stanley Dudrick na wenzake walimlisha mtoto mchanga kwa kumpitishia chakula cha majimaji katika mrija uliofika kwenye mshipa mkuu karibu na moyo. Leo watoto wenye utumbo mfupi, saratani au figo zilizoshindwa kazi huishi kwa mirija ya namna hiyo, wengine kwa miaka.

Tatizo ni kwamba mshipa wa mtoto ni mwembamba. Mrija huchukua nafasi kubwa ndani yake, damu hupita polepole, ukuta wa mshipa hukwaruzwa, na damu huganda. Likiachwa, bonge hilo hugeuka kovu. Pengine shingo au mkono huvimba, au mrija hupokea dawa lakini hautoi damu. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna dalili yoyote, kwa kuwa vijishipa vya pembeni hutanuka na kubeba damu.

Bonge likiwa bichi, mtoto hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama heparini, kwa kawaida kwa muda wa wiki 6 hadi miezi 3. Mrija ukiwa bado unafanya kazi na unahitajika, huachwa mahali pake. Kovu la zamani haliyeyushwi na dawa. Hapo mtoto hupewa nusukaputi, na daktari, akiongozwa na picha za eksirei, hupenyeza waya mwembamba katika kizuizi, hutanua njia kwa puto dogo, kisha hupitisha mrija mpya. Stenti huepukwa iwezekanavyo, maana haikui pamoja na mtoto.

Kosa linalogharimu sana ni kuuchomoa mrija wa zamani kwa haraka. Mrija huo, hata ulioharibika, ndio njia iliyo wazi ya kupitishia waya; ukishatolewa, njia hujifunga. Maambukizi makali yaweza kulazimisha vinginevyo, lakini nje ya hayo mpango utangulie. Mishipa itumikayo kwa kawaida ni 6 tu: miwili ya shingoni, miwili chini ya mitulinga na miwili ya kinenani. Mtoto anayeishi kwa chakula cha mshipani akiipoteza, huenda akahitaji kupandikizwa utumbo.

Mzazi anapomhamishia mtoto hospitali nyingine, aombe karatasi inayoonyesha mishipa iliyokwisha kutumika na iliyoziba.